Kufuma na Kuchora

Ziko kazi za mikono ambazo mtu akizianza asubuhi ajua tangu mwanzo zitakuwaje jioni. Na ziko nyingine ambazo hata azifanye mwaka mzima, hawezi kusema kesho zitamfikisha wapi. Kufuma kwa sindano ni moja ya zile za kwanza, na kuchora kwa rangi ni moja ya hizi za pili. Sisi tumejaliwa kuzipenda zote mbili, na kwa miaka mingi tumekaa katikati yake kama mkulima mwenye mashamba mawili, moja bondeni na moja mlimani, ambaye kila akishika jembe huku hukumbuka magugu ya kule. Twaandika habari hii kwa ajili ya walimu wenzetu, hasa wale wafundishao kazi za mikono, kwa kuwa twajua ya kwamba uzito tutakaoueleza haukutupata sisi peke yetu. Mwenye kutunga mashairi ameuonja, na mwenye kuchonga vinyago vilevile, na hata mwalimu aliyeahidi kuandika historia ya kijiji chake akaishia kununua daftari.

Kwanza tuseme juu ya kufuma. Neno hili ni la zamani katika lugha yetu. Lilitumika kwa mtu aliyeketi mbele ya kitanda cha mfumi akitengeneza nguo ya pamba, na siku hizi latumika pia kwa mwenye sindano mbili na donge la sufu. Walakini uzuri wa neno hauko hapo tu, bali uko katika kinyume chake, yaani kufumua. Mtu akifuma safu ishirini kisha akagundua kwamba katika safu ya tatu aliruka kitanzi, atachomoa sindano, atavuta uzi, na kazi yote itarudi kuwa donge kama ilivyokuwa, bila kupungua hata shibiri moja. Uzi utakuwa na mikunjo kidogo, nayo huondoka ukilowekwa majini na kuanikwa. Ni kazi gani nyingine iliyo na rehema kama hiyo? Seremala akikata ubao mfupi, hana dawa ya kuurefusha. Na mpishi aliyezidisha chumvi atabaki kuongeza maji mpaka mchuzi umchukie.

Tena kufuma kuna hesabu, na hesabu humtuliza mtu. Kwa uzi wa unene wa kawaida na sindano za milimita 4, vitanzi 22 hufanya upana wa sentimeta 10, na safu 30 hufanya urefu wa kiasi hicho hicho. Basi sweta ya mtoto wa miaka minane yataka vitanzi 80 hivi kwa upana wa kipande cha mgongo, na safu 125 hivi kwa urefu wake. Maana yake ni vitanzi karibu 10,000 kabla hujagusa mikono wala kifua. Hesabu hiyo yatisha ukiisoma, lakini haitishi ukiifanya, kwa sababu kila kitanzi ni ndugu wa kilichotangulia, na mkono ukishaijua njia hauulizi tena. Hapa kwetu Njombe, ambako miezi ya Juni na Julai watoto huja shule huku pumzi zao zikionekana kama moshi, hapana haja ya kumweleza mtu faida ya sweta. (Tukumbushe tu ya kwamba nyingi ya nyuzi tunazoziita sufu madukani si manyoya ya kondoo hata kidogo, bali hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Joto zinalo la kutosha, ila mtoto aliyezivaa asisogee sana jikoni.)

Kuchora ni jambo jingine kabisa. Ubao mweupe hauna safu za kuhesabu. Mchoraji akiweka rangi ya kwanza, rangi hiyo hubadilisha sura ya kila rangi itakayofuata. Na kama ni rangi za maji juu ya karatasi, lililowekwa limekwisha kuwekwa. Rangi ya mafuta yaweza kufunikwa na nyingine, ni kweli, lakini kufunika si kufumua. Chini yake kosa lipo, na mchoraji ajua kwamba lipo, hata kama hapana mwingine ajuaye. Zaidi ya hayo, sweta ina mtu wa kuipima: ikimwenea mtoto, ni sweta. Picha haina mtoto wa kuijaribu. Mtu hukaa mbele yake akiuliza, "Je, ndivyo?" wala hapana ajibuye.

Sasa yatupasa kueleza ni picha gani tuliyotakiwa kuichora, maana pasipo hiyo maneno haya yangekuwa ya hewani tu.

Mama yetu mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyetufundisha kufuma tulipokuwa wadogo, kwa sindano ambazo mumewe alizichonga katika mianzi na kuzilainisha kwa kipande cha chupa. Yeye alizaliwa katika kitongoji kilichokuwa juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa kitongoji kile walihamishwa kama walivyohamishwa wengine wengi katika nchi yetu, wakaletwa kando ya barabara, na nyumba zao zikaachwa. Nyumba ya nyasi isiyokuwa na moto ndani haikai. Ni moshi ukausha paa na kufukuza wadudu. Haikupita miaka mingi kuta zikarudi kuwa udongo, na leo mahali pale pamepandwa misonobari kwa safu zilizonyooka, hata mgeni hawezi kudhani kwamba palikuwa na watu. Sisi hatukuiona nyumba ile ikiwa na paa. Wala hapana picha yake iliyopigwa kwa kamera. Yuko yeye na kumbukumbu zake, na wenzake wa rika lake wamekwisha kutangulia.

Miaka michache iliyopita waganga wa macho walimwambia kwamba ana presha ya macho. Ugonjwa huu huumiza ule mshipa wa fahamu upelekao habari za jicho kwenye ubongo, nao huenda polepole, aghalabu ukianza kula pembezoni mwa mambo tuyaonayo, hata mgonjwa asitambue. Matone ya dawa yaweza kuuzuia usiendelee upesi, lakini sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea hairudi tena. Yeye sasa aona kama mtu achunguliaye katika tundu la mlango. Kufuma hakukumsumbua, maana tangu zamani alifuma akiangalia kwingine na kuzungumza na wageni. Lakini siku moja alitushika mkono akasema, "Mwanangu, wewe wajua kuchora. Nichoree kwetu, nipaone mara moja, kabla tundu hili halijafungwa."

Baada ya ombi hilo tulinunua ubao wa hadibodi, sentimeta 60 kwa kila upande, tukaupaka rangi nyeupe mara mbili na kuuegemeza ukutani. Huo ulikuwa mwezi wa Februari. Mwezi wa Oktoba ubao ulikuwa bado mweupe, nasi tulikuwa tumefuma sweta kumi na moja.

Sweta hizo walizivaa watoto wa darasa la tatu, na hatuzijutii hata moja. Lakini jambo lile lilitushangaza, nasi tukaanza kulichunguza kama mtu achunguzavyo homa ijayo kila jioni saa ile ile. Mkono mmoja ulikuwa mwepesi kwa uzi na mzito kwa brashi. Si uchovu, maana aliyechoka hawezi kuhesabu vitanzi mpaka saa nne za usiku. Si uvivu pia, kwa kuwa mvivu hutafuta kulala, na sisi tulitafuta kazi. Wengi husema kwamba mwenye kusita namna hii aogopa kuchekwa, na labda ni kweli kwa vijana wanaochora ili wasifiwe. Kwetu haikuwa hivyo. Tuliogopa neno jingine: kwamba picha ikiwa ya uongo, uongo huo ndio utakaobaki machoni pa mama mkubwa badala ya nyumba yenyewe. Kumbukumbu ni kitu chepesi. Mtu akionyeshwa picha mara nyingi, baadaye hukumbuka picha akidhani akumbuka jambo. Basi kila tulipochovya brashi tuliona kama tunaingia katika nyumba isiyo yetu na kusogeza vyombo vya watu. Nani asingeweka brashi chini na kuchukua sindano?

Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu mwenye nia njema, alipouona ubao mweupe na rundo la sweta alitikisa kichwa, akatuambia, "Mshika mbili, moja humponyoka." Akatushauri kuacha kufuma mpaka picha iishe. Shauri lake lilikuwa na akili, nasi tukalipokea. Kwaresima ilipofika mwaka uliofuata tulizifunga sindano katika kitambaa, tukaziweka juu ya kabati, tukakusudia kutozigusa siku zote arobaini. Haya ndiyo yaliyotendeka katika siku hizo arobaini: tulisahihisha madaftari ya watoto mara mbili mbili, tulibadilisha bawaba za dirisha, tulipalilia bustani ya maua ya shule ambayo haikuwa zamu yetu, tuliosha mapazia. Siku ya Pasaka ubao ulikuwa mweupe kama ulivyokuwa Jumatano ya Majivu, na watoto wawili wa darasa la tatu walikuwa wakingoja sweta.

Basi sufu ikaachiliwa huru kwa kukosekana ushahidi. Kama ingekuwa ndiyo mwizi wa picha, picha ingalipatikana mwizi alipofungwa. Twalisema hili kwa mkazo kidogo, kwa sababu ushauri wa kuacha kimoja ili ushike kingine ndio utolewao kila mahali, na walimu twawapa watoto bila kufikiri. Methali ni kweli kwa mtu ashikaye ndege wawili kwa mkono mmoja. Lakini uzito wa moyo haukai ndani ya sindano, hata ukizificha sindano uutie kabatini pamoja nazo. Hutoka na kukaa katika bawaba za dirisha.

Ndipo tulipoanza kutafuta habari za watu waliotutangulia, tuone kama wako waliozishika kazi hizi mbili pamoja. Tukakuta kwamba sufu na rangi ni jamaa wa zamani sana kuliko tulivyodhani.

Katika mji wa Hamburg huko Ujerumani, katika jumba la makumbusho ya sanaa, iko altare iliyochorwa mnamo mwaka 1400 na fundi aitwaye Bertram kwa ajili ya masista wa Buxtehude. Picha mojawapo yamwonyesha Bikira Maria ameketi akifuma. Ana sindano nne, na kazi yake yazunguka kama mfumaji wa soksi afanyavyo hata leo, ili vazi lisiwe na mshono. Mtoto Yesu amejilaza chini na kitabu chake, na kando yake iko pia ya kuchezea. Malaika wawili wamekuja kumtembelea, nao wamechukua msalaba na mkuki na taji la miiba. Asomaye Injili ya Yohana atakumbuka kanzu ile ambayo askari hawakutaka kuipasua, wakaipigia kura. Twapenda kuitazama picha hiyo katika kitabu, si kwa ajili ya malaika tu, bali kwa ajili ya sindano zile nne. Twadhani kwamba mchoraji asiyepata kuketi karibu na mwanamke afumaye, akatazama kwa saa nyingi jinsi sindano zinavyopokezana, asingeweza kuzichora hivyo. Na mama yule hakuweka kazi chini walipokuja wageni na mkuki.

Habari ya pili ni ya Paris, nayo ina mafundisho mengi zaidi kwa mwenye kuchora. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia aitwaye Michel Eugène Chevreul aliwekwa kuwa msimamizi wa kutia nyuzi rangi katika karakana za Gobelins, ambako mazulia ya ukutani yenye picha yalifumwa kwa ajili ya majumba ya wafalme. Watu walimletea malalamiko kwamba sufu yake nyeusi haikuwa nyeusi ya kutosha walipoitumia kwa vivuli vya nguo za buluu na zambarau. Yeye akazipima nyuzi nyeusi za kwake na za karakana nyingine, asione kasoro. Mwisho alitambua kwamba shida haikuwa katika pipa la rangi bali katika jicho: nyeusi ikikaa kando ya buluu hubadilika machoni petu, na kila rangi hubadilishwa na jirani yake. Nyekundu kando ya kijani huwaka zaidi; na buluu kando ya rangi ya chungwa vivyo hivyo. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya kanuni hiyo, na wachoraji wa Ufaransa wakajifunza kwacho kwa muda mrefu. Kwa hiyo somo kubwa la rangi ambalo wachoraji walilipata katika karne ile lilianza na lalamiko juu ya uzi.

Naye Vincent van Gogh, Mholanzi aliyefariki mwaka 1890, na ambaye mwaka 1884 aliwachora wafumaji wengi katika kijiji cha Nuenen, alikuwa na sanduku jekundu lenye madonge 16 ya sufu. Sanduku hilo lingaliko katika makumbusho yake mjini Amsterdam. Hakuwa mfumaji. Alizisokota nyuzi za rangi mbili au tatu pamoja ili azione zinavyokaa kabla hajatumia rangi ya kuchorea, ambayo ilikuwa ghali kwake. Zikipatana, alichora, zisipopatana, alizisokotoa akajaribu nyingine.

Tulipofika kwenye sanduku hilo tulifunga kitabu, kwa sababu nyumbani tulikuwa na kikapu cha milulu kilichojaa mabaki ya sweta kumi na moja.

Jumamosi iliyofuata tulikipeleka kikapu kwa mama mkubwa. Hapo awali tulikuwa tumemwuliza habari za rangi mara nyingi, asiweze kutusaidia. Udongo ulikuwaje? Mwekundu. Mwekundu wa namna gani? Mwekundu wa kwetu. Si kosa lake. Lugha ina maneno machache ya rangi kuliko jicho, na mtu aliyeishi mahali hana haja ya kupapambanua kwa maneno. Lakini safari hii tulitandika mkeka mlangoni, penye nuru, tukamwaga madonge yote. Akayachukua moja moja, akayasogeza karibu na jicho la kushoto, ambalo ndilo lenye nafuu, akaanza kuyatenga. Donge la damu ya mzee alilikataa. La chungwa akalikataa. Kisha, bila kuambiwa, akachomoa ncha ya kila moja akazisokota pamoja kwa vidole, akatazama. Akasema, "Huu ndio. Huu, mvua ikiwa imeacha kunyesha."

Tulikaa pale kuanzia saa nne mpaka saa nane. Kilima mwezi wa Julai hakikuwa cha kijani kama tulivyokusudia kukichora; kilikuwa cha manjano ya nyasi kavu iliyosokotwa na kijivu. Shamba la pareto la baba yake halikuwa jeupe, ila rangi ya maziwa yaliyolala. Mianzi ya ulanzi ilisimama upande wa kushoto wa nyumba, si wa kulia. Mlango ulitazama bonde, na kizingiti chake kilikuwa gogo lililochakaa katikati kwa kukaliwa na watu. Habari za kizingiti hatukuwahi kuzisikia katika maisha yetu yote, wala hatukuziuliza. Alizitaja alipokuwa akitafuta uzi wa kijivu. Kila jozi aliyoikubali tuliizungusha katika kipande cha boksi na kukipa namba. Zilipatikana jozi tisa. Mbili kati yake alizikubali asubuhi, akazisokotoa mchana na kuchagua nyingine.

Usiku ule tulipaka rangi ya kwanza.

Tumejiuliza kwa nini uzito uliokaa mwaka mzima na zaidi uliondoka kwa siku moja, na jibu tulilolipata ni hili. Ile rehema ya sufu, yaani kuweza kujaribu na kufumua bila hasara, ilikuwa imeingizwa katika kuchora. Tena palikuwa na mtu wa kujibu "Je, ndivyo?" kabla rangi haijagusa ubao. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiingia nyumbani kwao na kusogeza vyombo. Sisi tulimfuata kwa brashi. Hatusemi kwamba kila mwenye uzito aende kununua sufu. Mwenye kuandika atakuwa na lake. Lakini twaona ni vema mtu azitazame tena zile kazi ambazo hukimbilia anapoikimbia kazi yake, kabla hajazifungia kabatini. Huenda zimeshika kitu anachokihitaji.

Liko jambo la ufundi ambalo wenzetu wafundishao kuchora watalipenda. Nyuzi mbili zilizosokotwa hazichanganyiki kama rangi mbili kwenye kisahani. Manjano na buluu zikikorogwa kwa brashi hutoa kijani. Lakini uzi wa manjano na uzi wa buluu vikisokotwa, kila mmoja hubaki na rangi yake, na jicho likiwa mbali huona kitu kilichofifia, karibu na kijivu. Kwa hiyo tulipojaribu kukoroga rangi ili kuifuata jozi ya udongo, tulipata tope. Ilitubidi kuweka viboko vidogo vidogo vya brashi, vya damu ya mzee na vya chungwa, kimoja kando ya kingine, mfano wa vitanzi. Kazi hiyo ni ya polepole, na tukiri kwamba mkono ulioifahamu upesi ni ule uliozoea safu 125.

Tumetumia rangi ya mafuta ya kupakia milango, ambayo ni jamaa ya zile rangi za baiskeli alizozitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora juu ya hadibodi mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Kule pwani jua husaidia. Hapa kwetu, wakati wa ukungu, tabaka moja huchukua siku mbili, hata tatu, kabla halijakubali jingine juu yake. Ukiharakisha, brashi huinua la chini na kulitia uchafu. Basi siku moja ni ya brashi, na siku mbili ni za sindano. Mpango huo hatukuubuni sisi wala hatukuuandika ukutani. Baridi ya Njombe ndiyo iliyoupanga. Mwenzetu wa methali amekuja kutazama, akanyamaza, akatuagizia sweta ya mjukuu wake.

Uzito haukufa. Ulirudi tulipofika kwenye mlango, tukakaa siku tisa bila kugusa ubao, na ulirudi tena tulipofika kwenye paa. Siku hizi tukiuona waja hatushindani nao sana. Twachukua kadi ya jozi, twaishikilia mbele ya ubao, twatazama. Mara nyingine brashi hufuata, na mara nyingine hapana, tukarudi kwenye uzi.

Hivi sasa picha ina kilima, na pareto, na mianzi ya kushoto, na kuta nne na kizingiti. Haina paa. Tulimpelekea mama mkubwa jozi tuliyoifikiria sisi wenyewe, kahawia na manjano, naye akairudisha kwa mkono wa mjukuu wake pamoja na maneno: kwamba paa la kwao lilikuwa la manjano chini tu, ambako baba yake aliongeza nyasi mpya kila mwaka, juu, moshi ulikotokea, lilikuwa jeusi, walakini si jeusi la mkaa, bali jeusi lenye wekundu ndani yake, kama sufuria la kupikia uji. Tumetafuta uzi wa namna hiyo katika maduka matatu ya hapa mjini tusiupate. Tuliupata sokoni kwa mama mmoja auzaye mitumba, katika sweta kuukuu ya mtu mzima iliyotoboka viwiko, nasi tuko katika kuifumua.